Ufa Huzibwa kwa Nyuma

Mwezi huu twanena habari za vipande vidogo vya faiba vivunjikavyo katika motokaa za zamani. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi.

Sisi tulikosa. Jirani alituletea madigadi yenye ufa. Tukapaka gundi upande wa mbele na rangi juu yake, ikapendeza. Alipopanda Mgeta, njia iliitikisa, ufa ukarudi. Tuliona haya, tukaitengeneza upya bila malipo.

Basi, fanyeni hivi. Geuzeni kipande, mkikwangue nyuma kwa msasa hata nyuzi zionekane. Vaeni barakoa, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Kisha lazeni kitambaa cha nyuzi, kiupite ufa pande zote, mkakiloweshe gundi. Dawa ya kugandisha na iwe sehemu 1 au 2 tu kwa 100 za gundi. Huko milimani Uluguru baridi huichelewesha. Lakini msizidishe dawa, maana gundi hupata moto ikapasuka. Afadhali kungoja jua.

Walimu, wafundisheni vijana neno hili: rangi hupendeza macho, bali kilicho nyuma ndicho kishikacho.