Mjumbe na bahasha: kwa nini mgombea anayegawa fedha anyimwe kura

Julai 2020, Chama Cha Mapinduzi (CCM) cha Tanzania kilipoendesha kura za maoni za ubunge, msemo mmoja ulienea vijiweni na kwenye simu: wajumbe si watu wazuri. Watia nia walioahidiwa kura kwa mamia na wajumbe hao wa mikutano ya chama walitoka ukumbini na chache za kuhesabika. Watu walicheka sana, lakini ndani ya kicheko hicho mlikuwa na lawama ya ajabu. Mjumbe alilaumiwa kwa kula cha mtu kisha kumpigia mwingine. Aliyegawa hakuulizwa neno.

Aulizwe. Mgombea anayepitisha bahasha usiku kabla ya kura za maoni hastahili kuungwa mkono, hata kama ana shahada tatu, hata kama amechimba kisima, hata kama wapinzani wake wote nao wanagawa.

Uzito wa suala hili uko kwenye hesabu. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020, CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264. Maana yake ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya nchi, mbunge alishapatikana ndani ya chama kabla wananchi hawajapanga foleni vituoni. Waliopiga kura za maoni nao hawakuwa wengi. Kawe, Dar es Salaam, watia nia walizidi 100, na aliyeongoza alipata kura 101. Hilo halina maana kwamba kura za Kawe zilinunuliwa. Linaonyesha tu kwamba pale wapigakura wanapokuwa mia kadhaa, wote wakijulikana kwa majina na namba za simu, mwenye fedha hahitaji kuushawishi umma, anahitaji orodha. Chama chenyewe kiliiona hatari hiyo, na kwa uchaguzi wa 2025 kikaongeza idadi ya wanaopiga kura hizo.

Sheria nayo imepita njia ndefu. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuruhusu takrima, yaani kumkirimu mpigakura kwa nia njema kufuatana na mila. Pilau, soda, kanga na kofia vikapata kinga. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na mashirika ya LEAT na NOLA, wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikabatilishwa kwa kukiuka Katiba. Hoja iliyobeba uamuzi ilikuwa ya usawa: takrima inamtenga mgombea asiye na kipato na kumpendelea mwenye nacho. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ikambana mtoaji na mpokeaji kwa pamoja, kisha Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikafika hadi kwenye mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Kwa hiyo anayegawa leo hawezi kujificha nyuma ya mila.

Hata hivyo mjumbe ana hoja zake, na si za kubezwa. Ya kwanza ni kwamba kiongozi huonekana mara moja kila miaka mitano, basi mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayeishi kwa kibarua haoni sababu ya kukataa noti kutoka kwa mtu ambaye, akishapata, atahamia Dodoma na kubadilisha namba ya simu. Uchungu huo ni wa kweli, ila dawa yake inazidisha ugonjwa. Mbunge aliyelipia kura amekwisha kumaliza hesabu na mjumbe. Akiulizwa miaka miwili baadaye kuhusu zahanati isiyo na dawa, moyoni anajua kwamba aliyemuuliza alishalipwa chake. Deni lake liko kwa mfanyabiashara aliyemkopesha, na huyo hadai zahanati. Anadai zabuni.

Hoja ya pili: tajiri ana chake, hataiba. Inavutia, lakini inasahau kwamba mtu mwenye mazoea ya biashara hahesabu fedha aliyoitoa kama sadaka. Asiyekopa kwa mtu bado anajidai mwenyewe. Tena hoja hii inawafungia mlango wale ambao Mahakama iliwafikiria mwaka 2006: mwalimu mstaafu anayeifahamu kila shule ya kata, muuguzi, mwanamke aliyeendesha kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka kumi bila senti kupotea. Hao wakiona bei ya ukumbi, hawachukui hata fomu.

Ya tatu ndiyo maarufu zaidi: kula chake, mpigie umtakaye, kura ni siri. Ni kweli siri ya kura ni ngao kubwa. Wakenya waliionja hali ya kuikosa mwaka 1988, chama cha KANU kilipowapanga wanachama mlolongo nyuma ya wagombea, na mistari mifupi ikatangazwa kuishinda mirefu. Lakini ujanja wa kula na kugeuka una kasoro yake. Wote wakila, bei inapanda, na mgombea ajaye anakuja na fedha nyingi zaidi ili kufidia watakaomgeuka. Mjumbe anadhani amemkomoa tajiri, kumbe amempandishia maskini kiingilio.

Wapo pia wanaosema kura yao haina maana kwa kuwa vikao vya juu hukata majina. Kawe ile ile, jina lililorudishwa lilikuwa la Josephat Gwajima, aliyeshika nafasi ya tatu kwa kura 79. Chama kina haki ya kuchuja, lakini mchujo usioelezwa unamfanya mjumbe ajione mpambe wa shughuli ya watu wengine, na mpambe huuliza posho. Chama kinachotaka wajumbe wakatae bahasha kingeanza kwa kutaja hadharani sababu ya kumkata aliyeongoza.

Kuna eneo moja lisilo jepesi. Mjumbe anayetoka kijiji cha mbali kwa bodaboda anahitaji nauli na chakula, na mara nyingi ni mtia nia anayejitolea. Hapo kosa la kwanza ni la chama. Nauli ikitolewa na chama, kwa kiwango kimoja na kwa kusaini, atakayekuja na nyongeza gizani ataonekana alivyo. Vivyo hivyo kwa mtu aliyesaidia jimbo siku zote: karo aliyolipia 2017, wakati hakuna fomu ya kuchukua, si sawa na mabati yaliyoshushwa wiki mbili kabla ya kura. Tarehe inasema mengi kuhusu nia.

Kwa mjumbe aliye ukumbini, basi, kipimo ni cha kawaida kabisa: fedha ya kampeni imetoka wapi, mgombea alifanya nini jimboni kabla ya kutia nia, na wapambe wake walipita nyumba zipi usiku wa jana. Asiyeweza kujibu la mwisho mbele ya kikao akose kura, na waliopokea wawe wa kwanza kumnyima.