Mizani Ina Nyuso Mbili. Wewe Umeonyeshwa Upi?

Wacha niseme wazi: kama huoni namba, hujapimiwa. Umeambiwa tu. Iwe ni nyama, iwe ni skrapu, iwe ni gunia la mahindi kutoka shamba la nyanya yako, mtu mmoja ndiye anayesoma na mwingine anaamini. Tumezoea hadi tunaona ni tabia nzuri, ati kuuliza ni kumkosea mwenye duka heshima. Mimi naona tumelala.

Haya maoni nimeyapata kutoka kwa kitu kilichokuwa kimetupwa. Mnaonifuata mnajua napenda kupitapita kwa wauza skrapu hapa Voi nikitafuta vitu vya zamani vya stima. Mwezi uliopita nikaona mizani ya duka, ile ya kukaa juu ya kaunta: sinia ya chuma juu, mwili mzito kama jiwe, vioo viwili vyeusi vimejaa vumbi. Skrapu huuzwa kwa kilo, kwa hivyo mizani yangu ikatundikwa kwenye mizani nyingine, ile ya ndoano. Uso wa ile ya ndoano ulikuwa umemgeukia yeye. Akasoma, akataja, nikatoa mia saba. Hadi leo sijui ilisoma ngapi.

Nikapanda boda nayo hadi nyumbani Mbololo. Kabla ya kuichomeka nikaifungua. Waya wa stima ulikuwa umekatwa, fyuzi imeungua, na ndani kulikuwa na nyumba ya buibui ya kizazi cha tatu. Nikabadilisha waya, nikaweka fyuzi ya kiwango kile kile kilichoandikwa, nikapiga brashi taratibu. (Ukijaribu hii, chomoa stima na usubiri. Vifaa vya zamani huweka moto ndani hata vikizimwa.) Nikawasha.

Manze, ile rangi! Kijani iliyochanganyika na buluu, kama saa ya deki ya video iliyokuwa sebuleni kwa wazee wetu. Sio skrini ya simu, sio balbu ndogondogo. Ni tyubu ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani kuna nyuzi nyembamba kama nywele zinazopashwa joto hadi zitoe elektroni. Elektroni zinapita kwenye wavu, zinagonga vipande vilivyopakwa unga maalumu, na kipande kinachogongwa kinang'aa. Vipande saba vinatosha kuandika namba yoyote, kutoka 0 hadi 9. Tyubu za namba za aina hii zilianzia Japani miaka ya 1960. Kabla yake kulikuwa na tyubu za Nixie, zilizoletwa sokoni na kampuni ya Burroughs ya Marekani mwaka 1955: gesi ya neoni, namba kumi za waya zimepangwa moja nyuma ya nyingine, mwanga wa rangi ya chungwa, na moto wa volti kama 170.

Chini ya sinia hakuna springi. Kuna kipande cha chuma chenye tundu katikati, kimebandikwa nyuzi bapa. Ukiweka mzigo, chuma kinapinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Nyuzi zinavutika, stima inapita kwa ugumu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inageuzwa kuwa kilo. Yangu hupima hadi kilo 15.

Lakini kilichonikaa kichwani si mwanga. Ni kioo cha nyuma. Aliyetengeneza hii kitu aliweka tyubu seti mbili, akaongeza gharama, ili anayenunua aone namba ile ile, kwa wakati ule ule, na anayeuza. Hata mizani nyingi za dijitali za siku hizi bado zina uso wa pili. Shida ni pale zinapowekwa. Uso wa mteja umeelekezwa ukutani, ama umefunikwa na stika ya kulipia kwa simu, ama kuna boksi la mayai mbele yake.

Na huko shambani hata uso mmoja hakuna. Hapa kwetu pojo, ama ndengu kama mnavyoita Nairobi, mara nyingi hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia. Nilikusanya mbili pale mtaani. Moja kitako kiko sawa, nyingine kimegongwa kikatokeza nje. Nikazijaza pojo zile zile, nikatoa uzito wa kopo. Ile iliyogongwa ilibeba gramu 170 zaidi. Nikaongeza kilele, jinsi mnunuzi hupenda, tofauti ikafika gramu 400. Kwa gorogoro 40 hizo ni kilo 16. Kilo 16 za mama aliyepalilia juani, zimeondoka na hakuna aliyeiba mbele ya macho ya mtu. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba cha nani?

Najua mtaniambia nini. Kwanza, gorogoro ni haraka na shambani hakuna stima. Kweli, lakini kuna mizani za betri, na kikundi cha wakulima kinaweza kuchanga kikanunua moja. Pili, hata mizani ya dijitali inaweza kuchezewa. Hapo mko sawa kabisa. Namba kung'aa si ushahidi. Ndiyo maana Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Yangu haina muhuri wa sasa, kwa hivyo siuzi kitu nayo. Ni ya kukagulia tu nyumbani. Na tangu Katiba ya 2010, biashara ya haki sokoni ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu anachonunua. Uzito ni habari. Tena ndiyo habari ya kwanza.

Kwa hivyo sisi vijana tuache kukunja mikono. Ukienda buchari, angalia mizani inasoma sufuri kabla nyama haijawekwa. Omba igeuzwe, kwa adabu: "Samahani boss, naomba nione." Angalia muhuri na mwaka wake. Ukiwa na shaka, beba paketi ya unga ya kilo 2 iliyofungwa, uombe ipimwe. Si jiwe la mkaguzi, lakini mizani ikisema kilo mbili na robo, umeshajua. Na mnunuzi akija kwa nyanya yako na gorogoro yake, wewe mwenye simu na masomo usikae ndani ukiskroli. Toka na mizani.

Mwenye duka mwaminifu hatakasirika. Yeye ndiye wa kwanza kuumizwa na jirani anayepunja, kwa sababu bei ya jirani daima itaonekana rahisi.

Yangu nimeiweka mezani karibu na mlango. Jirani yeyote wa Mbololo mwenye gorogoro, karibu tupime. Utasoma namba mwenyewe, mimi nitakaa upande wa pili.