Tunawasomesha, Kisha Tunawaacha Njiani



Ndugu Waislamu, misikiti yetu mingi imejijengea desturi njema ya kuchangia masomo ya vijana. Baada ya sala ya Ijumaa hutangazwa kuwa mtoto wa fulani amepata nafasi ya chuo kikuu na amepungukiwa ada, na kabla watu hawajavaa viatu kiasi fulani kimekwisha patikana. Mwenyezi Mungu awalipe wote wanaotoa. Jambo ninalotaka kulizungumza leo linaanzia pale mchango huo unapoishia.

Anayekusudia kutafiti maradhi na tiba hamalizi safari kwa shahada ya kwanza, wala ya uzamili, wala hata ya uzamivu inayompa jina la Daktari. Uzamivu humthibitishia kuwa aweza kutafiti akiwa chini ya mwalimu. Baada yake huhitaji miaka miwili, mitatu, pengine mitano katika maabara yenye wazoefu, ajifunze kuchagua swali lake mwenyewe, kuomba fedha na kuongoza wenziwe. Mtu huyu tumwite mtafiti wa baada ya uzamivu. Si mwanafunzi tena, hivyo wafadhili wa masomo hawamtambui. Wala si mwajiriwa wa kudumu, hivyo riziki yake imefungamana na mkataba wa mradi. Naye kwa umri huo aghalabu ana familia inayomtazama.

Hapo hutokea moja kati ya mawili. Ama hubaki ughaibuni, ama hurudi nyumbani akapewa vipindi vya kufundisha asubuhi hadi jioni, na vitendanishi vya maabara akabaki kuvisoma vitabuni. Wa kwanza tunamlaumu kwa kuisahau nchi yake, wa pili tunampongeza kwa kurudi, ilhali utafiti wa wote wawili umetupotea.

Asidhani mtu kuwa kwetu hakufanyiki utafiti. Bagamoyo na Korogwe hapa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya, ni miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kati ya 2009 na 2014, kwa watoto 15,459. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa watoto wa Afrika. Watoto waliochanjwa ni wetu, na wengi wa waliowahudumia ni wetu. Fedha zilitoka nje, kwenye kampuni ya dawa ya Uingereza na mfuko wa Bill Gates wa Marekani. Hatuwabezi, kwani kheri ni kheri. Lakini mwenye kulipa ndiye huamua swali lipi liulizwe na lini liachwe. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Mwezi Mei mwaka huo huo, taasisi yake kuu ya utafiti wa afya, NIH, ilitangaza kusitisha utaratibu wa kupitishia ruzuku mpya kwa washirika wa nchi za nje. Mikataba ya vijana wetu ilikuwa ndani ya bajeti hizo. Na serikali za Afrika, zilizokubaliana mjini Addis Ababa Januari 2007 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, nyingi hazijafika hapo mpaka leo.

Sisi Waislamu tuna udhuru gani? Sayyidna Umar (r.a.) alipopata shamba Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Juu ya msingi huo umma ulijenga hospitali na vyuo. Sultani Qalawun alipojenga hospitali ya Mansuri mjini Cairo, mwaka 1284 na 1285, aliiwekea wakfu wa mali zilizolisha wagonjwa na kulipa matabibu, na ndani yake tiba ikifundishwa. Tabibu Ibn al-Nafis, aliyekuwa amekwisha kueleza kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kwa kupitia mapafuni, kinyume cha alivyofundisha Jalinus, alipofariki mwaka 1288 aliiachia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake. Tunapenda sana kumtaja Ibn al-Nafis katika mihadhara. Ile nyumba hatuitaji.

Kuna watakaosema kuwa madrasa zetu zenyewe hazina madawati. Ni kweli, na haki yake itolewe. Ila mapilau ya hitima hayajawahi kukosa mfadhili. Na hapa sijadili hukumu ya hitima, hiyo ina mahali pake.

Rai yangu ni kwamba misikiti kadhaa ya mji mmoja iungane, inunue au ipokee nyumba za kupangisha ziwe wakfu, na kodi yake imlipe mtafiti mmoja wa baada ya uzamivu, mwanamume au mwanamke, kwa miaka mitatu, pamoja na vitendanishi vyake. Sharti liwe kwamba atafiti maradhi yanayotusumbua hapa: malaria, kichocho, selimundu. Mara moja kwa mwaka asimame mbele ya jamaa baada ya sala, aeleze kwa Kiswahili amefika wapi na amekwama wapi. Hesabu za kodi nazo zibandikwe ukutani kila mwezi, kando ya ratiba ya sala, kwa sababu sote tunazijua nyumba za wakfu ambazo wapangaji wanalipa na hakuna ajuaye fedha ziendako.