Wacha kumwambia mama wa mtoto 'ngoja tu, ataongea'

Kila ploti ina huyu mtoto. Ana miaka mitatu hivi na haongei. Ukimwita jina hageuki, lakini karatasi ya biskuti ikilia jikoni anakuja mbio. Viatu vya wageni anavipanga mstari mmoja mlangoni, na ukisogeza kimoja, majirani wote watajua. Mama yake akiuliza kama hayo ni mambo ya kawaida, majibu yako tayari: wavulana huchelewa kuongea, hata babake aliongea akiwa na miaka minne, ni hizo katuni, ngoja tu.

Mimi nina ugomvi na hilo neno "ngoja". Na wewe, hata kama huna mtoto na huna mpango huo karibuni, usiruke makala hii. Wewe ndiye anti au anko wa mtoto kama huyo. Wewe ndiye uko na bando. Mamake akitaka kujua jambo, ni wewe anayekutumia rekodi ya sauti saa nne usiku, na jibu lako ndilo atakalolifuata.

Kwa Kiswahili hali hii inaitwa usonji. Si wazimu, na haiambukizwi. Ni namna ubongo unavyokua tangu mtoto akiwa tumboni, na huonekana katika mambo mawili: jinsi mtu anavyowasiliana na wenzake, na tabia za kurudiarudia pamoja na hisia zilizo kali kupita kiasi au zilizofifia. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliunganisha majina kadhaa ya zamani kuwa jina moja, kwa sababu hali hii ina upana mkubwa. Kuna atakayesaidiwa kuvaa nguo maisha yake yote. Kuna mwingine uko naye darasa moja chuoni, na nyinyi mnamwita yule msee wa ajabu ajabu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021, mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Chukua shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000 upige hesabu. Wanafaa kuwa saba au wanane. Je, katika shule uliyosoma uliwaona? Wengine walikuwepo wakichapwa kwa "utundu". Wengine hawakufika shuleni kabisa, walifungiwa nyumbani wageni wasiwaone.

Kwangu mimi, dalili ambayo watu huipuuza sana si kutoongea. Ni kidole. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiona ndege ikipita angani, ataionyesha kwa kidole, kisha atakugeukia akutazame usoni kuona kama nawe umeiona. Haombi kitu. Anataka tu muione pamoja. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo. Akitaka maji, atakushika mkono akuburute hadi kwenye mtungi bila kukutazama, kana kwamba mkono wako ni kikombe. Mwingine anajua tangazo zima la redio, neno kwa neno, lakini hawezi kusema "nina njaa". Na kuna yule aliyekuwa na maneno kumi, halafu yakapotea moja baada ya jingine. Huyo hata wiki moja usingoje.

Sasa usianze kumpa kila mtoto wa mtaa jina. Watoto wengi hupanga viatu. Dalili moja peke yake haitoshi, ndiyo maana kuna wataalamu.

Na wataalamu hawa hufanya nini? Hapa ndipo watu hudanganywa pesa. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Hakuna picha ya kichwa inayouonyesha pia. Daktari anaweza kuagiza picha hiyo akishuku kifafa au shida nyingine, lakini usonji wenyewe hauonekani pale. Kitu cha kwanza ni masikio. Mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii, na hilo lapaswa kujulikana kabla ya lolote lingine.

Kisha kuna maswali. Fomu inayotumika sana inaitwa M-CHAT-R: maswali 20 ya ndiyo au la, mzazi anajibu, kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Hilo ni chekecheke tu, si hukumu. Mtoto akinaswa hapo, daktari wa watoto au mwanasaikolojia aliyesomea ukuaji wa watoto hukaa naye, hucheza naye, humtazama, na kumuuliza mzazi historia nzima tangu mimba. Huchukua saa kadhaa, pengine zaidi ya ziara moja. Mtaalamu mwenye uzoefu anaweza kuutambua usonji mtoto akiwa na miaka miwili hivi. Ukimngojea hadi aingie Gredi ya Kwanza, umetupa miaka minne ambayo ubongo wake ulikuwa mwepesi zaidi kujifunza.

Simu yako inaweza kusaidia. Mtoto akiwa kliniki anaweza kulala, kulia au kutulia ghafla kama malaika. Mrekodi akiwa nyumbani: akiitwa, akila, akicheza, akikasirika. Video fupi nne au tano zitamwambia daktari mengi kuliko maelezo ya mama aliyechoka. Ni za daktari lakini. Usiziweke TikTok.

Vipimo hivi vingi vilibuniwa ng'ambo. Kimojawapo kinachoheshimika sana kina mchezo wa kuigiza sherehe ya kuzaliwa ya mwanasesere. Mtoto ambaye hajawahi kuona keki yenye mishumaa atafeli mchezo huo bila kuwa na shida yoyote. Na kwetu mtoto kutomkodolea mkubwa macho ni adabu. Kwa hivyo mtafute mtaalamu anayeijua lugha ya nyumbani kwenu, na kama hakuna, mama asione haya kusema, "Hapa kwetu hatufanyi hivyo."

Wasichana nao hukosa kutambuliwa. Wengi hujifunza kuiga wenzao, wanaitwa wapole na wenye aibu, halafu wanagundua wakiwa watu wazima. Ndiyo maana siwacheki vijana wanaojitambua kupitia video za mtandaoni. Wengine wako sahihi, ingawa video ya sekunde 40 haitoshi kukata kauli. Ninayemkasirikia ni yule anayerusha neno la usonji kama tusi kwenye kundi la WhatsApp.

Tumalize lawama haraka. Si laana wala jini. Jeni zina mchango mkubwa, wala si mama aliyekosa mapenzi, ingawa wataalamu wakubwa waliwahi kuwatwika akina mama lawama hiyo kwa miaka. Si katuni. Na si chanjo: utafiti wa Andrew Wakefield wa 1998 uliozua hofu hiyo ulihusu watoto 12 tu, jarida la The Lancet likaufuta 2010, naye akafutwa kwenye rejista ya madaktari Uingereza mwaka huohuo. Kwa sasa hakuna dawa ya "kuponya" usonji. Anayekuuzia chupa, yuko kazini.

Kinachosaidia ni mazoezi ya matamshi, mazoezi ya kazi za kila siku, mawasiliano kwa picha, na familia iliyofundishwa. Haya mengi unaweza kuyaanza kabla ya karatasi ya daktari kutoka. Shida ni gharama, na kwamba wataalamu wengi wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Serikali inafaa kuulizwa kuhusu hilo kila bajeti ikisomwa. Lakini milango ipo: vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, vile vinaitwa EARC, vimekuwepo tangu 1984, na taasisi ya KISE kule Kasarani hufanya tathmini. City Primary hapo Ngara imekuwa na kitengo cha watoto wenye usonji kwa miaka mingi.

Basi rekodi ya sauti ikiingia usiku, mjibu hivi: kesho chukua kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Usimwambie muuguzi "mtoto ni mtundu". Mwambie, "Ana miaka mitatu, haongei, haonyeshi kitu kwa kidole, hageuki akiitwa. Nataka apimwe masikio, na nielekezwe kwa daktari wa watoto." Akiambiwa angoje, aulize hadi tarehe gani, na tarehe hiyo iandikwe kijitabuni.