Ajali za Ziwani: Tutazame Chini ya Mbao

Kila chombo kinapopinduka katika Ziwa Victoria, maelezo huwa yale yale: abiria walizidi, upepo ulivuma, majaketi ya kujiokolea hayakutosha. Maelezo hayo ni ya kweli na hatuna nia ya kuyapinga. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara nchini Tanzania, na watu 228 wakapoteza maisha. Miezi miwili baadaye, Jumamosi tarehe 24 Novemba, MV Templar ilizama upande wetu wa Uganda, karibu na ufuo wa Mukono, ikiwa imejaa watu waliokwenda kustarehe. Zaidi ya 30 walikufa, na ikaelezwa kwamba chombo hicho hakikuwa na leseni.

Hata hivyo, kuna swali ambalo aghalabu haliulizwi gatini. Askari wa majini huhesabu vichwa, hutazama majaketi, hudai karatasi. Ni nani ainuaye mbao za sakafu akatazama ngama, yaani lile tumbo la chombo ambamo maji yote yanayovuja hukusanyika? Hatusemi kwamba ngama ndiyo iliyozamisha vyombo tulivyovitaja. Tunasema kwamba ukaguzi unaoishia juu ya mbao ni nusu ya ukaguzi.

Tufanye hesabu. Sakafu ya boti yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.5, ikifunikwa na maji ya kina cha sentimeta 10 tu, imebeba kilo 900. Huo ni uzito wa askari 12 wenye kilo 75 kila mmoja. Tena askari huketi pale walipoamriwa, ilhali maji hayapokei amri ya mtu. Boti ikiinama kushoto, wote kumi na wawili hukimbilia kushoto kwa pamoja, na wimbi la pili huikuta boti haijainuka bado. Kwa hiyo chombo chaweza kuwa na idadi halali kwa mujibu wa karatasi, na papo hapo kikawa kimepakia watu kumi na wawili wasioonekana.

Tuliwahi kupanda boti moja ya doria ambayo hatutaitaja. Tangu tulipong'oa nanga hadi tulipofika, kijana mmoja alikuwa akifua maji kwa mtungi uliokatwa. Tulipouliza maji yale yalitoka wapi, jibu lilikuwa, "Afande, hii ndiyo tabia yake." Jibu hilo lilitutisha kuliko maji yenyewe. Mei 2005, MV Kabalega ilipogongana na MV Kaawa, iliingia maji na ikazama. Tundu la namna ile hujitangaza lenyewe. Tundu la msumari halijitangazi. Huzoeleka, hupewa mtu wa kulihudumia, na mwishowe huhesabiwa kuwa sehemu ya boti.

Kulitafuta si kazi ya fundi peke yake. Kwanza ngama isafishwe: matope, matambara, magamba ya samaki na mafuta yaliyoganda yatolewe, pasuguliwe kwa sabuni, kisha pakaushwe kabisa kwa kitambaa. Penye uchafu huwezi kujua maji ya leo na ya juzi. Ngama ikisha kukauka, nyunyiza unga au chaki ya kusaga kando ya mataruma na ungoje. Maji yakipita yataacha njia yake katika unga, nawe utaifuata hadi chanzo. Wenzetu wa baharini huonja: yakiwa ya chumvi yametoka baharini, yakiwa baridi yametoka katika tangi au ni ya mvua. Sisi wa ziwani ulimi hautusaidii kitu, hivyo hatuna budi kutumia macho.

Wakati wa kuvuja nao ni shahidi. Maji yakiingia boti ikiwa imefungwa tu gatini, tazama maungio ya mbao, ambako pamba ya kalafati imeoza au misumari imeliwa na kutu. Yakiingia injini inapozunguka peke yake, shuku mipira ya maji ya kupozea, au pale mhimili wa rafadha unapotokea nje. Matone machache hapo ni ya kawaida, mchirizi si wa kawaida. Yakiingia boti ikiwa na mzigo tu, ufa uko juu ya mstari ambao boti tupu hufikia. Katika boti za faiba, kagua matundu ya boliti zinazoshika injini ya nyuma, na kile kizibo kidogo cha tundu la kutolea maji ambacho mara nyingi husahaulika nchi kavu. Mambo yote yakishindikana, ivute boti ufukoni, tia maji kidogo ndani, ulale chini utazame nje. Panapotoka maji ndipo panapoingia. Tumesema kidogo, kwani boti haikuundwa kubeba uzito huo ikiwa juu ya mchanga.

Tahadhari moja haina mjadala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutua ngamani. Fungua mbao, acha upepo upite, nusa, ndipo uwashe pampu. Sigara ikae mbali. Na maji yenye mafuta yasimwagwe ziwani, maana maji ya Kampala huvutwa kutoka ziwa hili hili, pale Ggaba.

Mwaka 2017 jeshi lilianza kufanya doria ziwani dhidi ya uvuvi haramu, na mwaka 2021 Uganda ilipata sheria mpya ya usafiri wa majini ya ndani. Nguvu na sheria zipo. Tunachopendekeza ni daftari katika kila boti ya doria, liandikwe kila siku dakika ngapi pampu imefanya kazi. Boti iliyofuliwa dakika kumi Jumatatu na ishirini Alhamisi isipewe safari ya Ijumaa. Na askari atakayesimamisha boti ya abiria aanze kwa kumwambia nahodha ainue mbao, kabla hajaulizia leseni.