Umelalaje? Swali tunalouliza bila kusubiri jibu



Wiki chache zilizopita nilikuwa nyumbani Tabora. Kwa wale ambao hawajafika, Unyamwezini salamu ni shughuli. Huwezi kumpita mtu mzima asubuhi ukarusha "mambo" moja na kuendelea na safari yako. Utaitwa urudi. Mama yangu huanza na "mwangaluka", ukiitikia anahamia kwenye Kiswahili: umeamkaje, umelalaje, watoto wamelalaje, huko mjini wamelalaje. Na sisi sote jibu letu ni moja: salama.

Asubuhi ya siku ya pili mpwa wangu, mtoto wa dada, aliulizwa vivyo hivyo. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili katika shule ya bweni, na alikuwa nyumbani kwa likizo. "Shikamoo bibi." "Marahaba, umelalaje?" "Salama, bibi." Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha akichochea moto kwenye bani la tumbaku. Usiku ule mimi mwenyewe nilimsikia akitembea barazani saa tisa.

Jioni tukakaa chini ya mwembe. Nikamwambia, mjomba, jana nilisikia hatua zako. Akanyamaza sana. Halafu akasema: "Mjomba, siku hizi silali. Nikipata usingizi, saa kumi naamka hata kama hakuna kengele. Halafu kuna kitu huwa kinanikaba." Akachora chora mchanga kwa kijiti, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Wakati mwingine natamani nilale nisiamke tena."

Jamani, hayo ni maneno ya mtoto ambaye asubuhi ile ile alisema amelala salama.

Nilipozungumza na dada nikakuta ameshaamua. Dada amesoma na ana kazi yake, lakini kwa hili la kukabwa usiku alishapata jina la mganga upande wa Sikonge. Shuleni nako walishatoa uamuzi wao: kijana amekuwa mvivu, anasinzia darasani, maksi zimeshuka, na viboko amekula. Kwa hiyo mtoto mmoja alikuwa na majina mawili, mvivu shuleni na aliyerogwa nyumbani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza analala saa ngapi.

Tuanze na hilo la kukabwa, maana wengi wetu tunalijua. Ni jinamizi. Unaamka, unaona chumba chako, unataka kupiga kelele, mwili hausogei, kifua kizito, na unahisi kuna mtu amesimama kando ya kitanda. Madaktari wanalifahamu vizuri. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili tusiinuke na kuanza kufanya yale tunayoyaota. Ikitokea akili imezinduka kabla misuli haijaachiliwa, ndiyo hali hiyo. Hudumu sekunde au dakika chache, inatisha, lakini haiui. Na huwapata zaidi watu wasiolala vya kutosha au wenye usingizi wa kukatika katika. Kwa maneno mengine, kabla ya kumtafuta jirani mwenye kijicho, tafuta kwanza ratiba ya mtoto.

Basi tukachukua karatasi, mimi na mpwa wangu, tukaiandika ratiba yake. Kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Kuoga, mchakamchaka, usafi, prepo ya asubuhi, paredi, darasani saa moja na nusu. Vipindi hadi mchana, kazi za mikono, michezo, chakula. Prepo ya usiku hadi saa nne na nusu. Taa zinazimwa saa tano. Hapo ni saa tano na nusu za kulala, kama usingizi utakuja mara tu kichwa kigusapo mto, na kama hakuna wa kwenda kupiga msuli chooni ambako taa hazizimwi.

Sasa linganisha. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo wao: mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Tukichukua kile kiwango cha chini kabisa cha saa 8, mpwa wangu anadaiwa saa mbili na nusu kila usiku. Kwa usiku sita ni saa 15. Ni kama kumwambia mtoto kwamba kila wiki kuna karibu usiku mbili nzima ambazo haruhusiwi kulala.

Mtasema basi alale mapema. Hapo ndipo kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake inasogea mbele. Kile kichocheo kinacholeta usingizi huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo, na asubuhi huchelewa kwisha. Kijana wa miaka 15 ambaye hana usingizi saa tatu usiku hafanyi jeuri. Mwili wake uko hivyo. Ndiyo maana mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri sekondari zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika 2022. Sisi muda huo mtoto wetu ameshakuwa macho kwa saa nne.

Na usingizi si mapumziko ya mwili tu. Ndio muda ambao ubongo unapanga yaliyosomwa mchana na kutuliza hofu na hasira. Mtoto asiyelala husahau, hukasirika haraka, huona kila kitu ni kizito. Usipomlipa usingizi wake kwa muda mrefu, hatari ya sonona na wasiwasi inapanda. Barabara hii ina njia mbili: asiyelala huumia moyo, na aliyeumia moyo halali. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Piga hesabu ya darasa la wanafunzi 49. Ni saba. Mara nyingi dalili ya kwanza kwa watoto hao ni ile inayochapwa viboko: kusinzia.

Najua jibu linalokuja, maana nimelisikia kwa wajomba zangu barazani: "Sisi tuliamka saa kumi na tukawa watu. Tabora Boys imetoa Mwalimu Nyerere, na hakulalia godoro la sponji." Kweli, shule ile ipo tangu miaka ya 1920 na Mwalimu alisoma pale. Lakini tunawahesabu waliotoka na vyeti. Waliovunjika njiani hawaji kwenye sherehe za miaka kadhaa ya shule kutoa ushuhuda. Mimi pia nilisoma bweni, shule ambayo sitaitaja. Tulikaa na miguu ndani ya beseni la maji baridi ili tusisinzie, tukatafuna kahawa, tukajiona mashujaa. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akiongoza darasa, alianza kuongea peke yake usiku. Tukacheka. Tukasema huyu ni wa Mirembe. Akarudishwa kwao na hatukumwona tena. Hadi leo hakuna aliyeniambia alikuwa amekaa siku ngapi bila kulala, na mimi niliyelala kitanda cha pili sikuuliza.

Huko kukesha kuna bei nyingine pia. Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, Iringa, liliungua usiku na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Sisi tulijadili mishumaa na milango ya mabweni, na ilikuwa haki kujadili. Lakini swali la kwa nini mtoto asome kwa mshumaa wakati wenzake wamelala halikutuchukua muda mrefu.

Nikiwa pale nilifika hadi Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone. Njia ya zamani ya misafara inapita huko, Bagamoyo hadi Tabora, Tabora hadi Ujiji. Sitaki kuipamba njia ile. Ilibeba pembe na vitambaa, na ilibeba watu kwenye minyororo. Lakini soma walichoandika wasafiri wa karne ya 19 kuhusu wapagazi wa Kinyamwezi waliojikodisha kwa ujira. Msafara uliondoka alfajiri, na kabla jua halijawa kali kirangozi alishatafuta kambi. Mchana na jioni ni kupika, kupiga soga, kulala. Mwenye mzigo wa karibu kilo 30 begani alijua kwamba asiyepumzika leo hatafika Ujiji. Na wakizidishiwa, waligoma, au walitua mizigo na kutoroka usiku. Mpwa wangu hana pa kuutua wa kwake.

Na tusidhani ni watoto wa bweni tu. Tumbaku ya mvuke, ambayo Urambo, Kaliua na Sikonge inaendesha maisha, hukaushwa kwa moto usiozimika, mchana na usiku, kwa karibu wiki nzima. Familia hupokezana zamu ya kuchochea, na kwenye kaya nyingi zamu hiyo inawafikia watoto. Kesho yake mwalimu anaona mtoto anasinzia. Huku Dar nako, ninyi wasomaji wangu mnawajua: watoto wa chekechea wanaosimama barabarani saa kumi na moja alfajiri wakisubiri basi la shule, kichwa kimeegemea begi, na usiku simu iko mkononi hadi saa sita kwa sababu na baba naye ya kwake iko mkononi.

Serikali imeshaonyesha kwamba ratiba za watoto si msahafu. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba watoto hao wanahitaji malezi ya wazazi. Kama tuliweza hilo, tunaweza pia kuandika mstari mmoja kwamba mwanafunzi wa sekondari apewe angalau saa 8 kati ya kuzimwa taa na kengele ya asubuhi. Hauhitaji mkopo wa benki wala mfadhili. Prepo ya alfajiri ifutwe, na kengele isogee. Walimu wanaohofia matokeo wajiulize: mtoto anayesoma saa kumi alfajiri huku amelala, anasoma nini?

Na wakati tunasubiri waraka, sisi wenyewe tuna kazi. Mtoto akibadilika, akanuna, akashuka maksi, akaanza kukabwa usiku, swali la kwanza liwe usingizi. Akisema maneno kama aliyoniambia mpwa wangu, usimkemee, usimwambie "acha ujinga". Kaa naye, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na kwenda huko si kwenda kufungwa.

Sisi tulikwenda. Dada alikuwa amejifunika khanga hadi puani asitambulike. Daktari hakuanza na vipimo. Aliuliza: "Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi?" Kijana akamtazama mama yake, kisha akaanza kuongea, na aliongea karibu saa nzima. Bado anahudhuria. Hajapona kama kwenye filamu. Kuna siku nzuri na kuna siku mbaya, na suala la kurudi bweni au kusoma kutwa bado tunalijadili nyumbani.

Lakini asubuhi niliyokuwa naondoka, mama aliuliza kama kawaida yake: "Mjukuu wangu, umelalaje?" Kijana akafikiri kidogo. "Nimelala kidogo, bibi. Lakini afadhali kuliko jana."

Mama aliacha kufagia. Miaka yote hiyo nadhani lilikuwa jibu la kwanza la kweli alilopewa. Akavuta kigoda, akakaa, akasema: "Haya, niambie."

Kesho asubuhi muulize wa kwako. Halafu nyamaza, umsikilize.

Alamsiki.