Kisanga si patwa ya mtu

Kuna neno moja linalotuchosha mu Likasi yetu. Ukaa pa kilio, ingia mu ofisi, sikiliza hata bantu ba masomo, utasikia: "Kisanga? Ile ni Kiluba tu, Kiluba ya mu pori." Mwingine anaongeza: "Na Kiluba ni Tshiluba tu." Basi luga tatu zimemezwa kwa mara moja, na msemaji anajiona mwerevu.

Tuseme wazi: si kweli.

Ndiyo, luga hizi ni ndugu, hakuna anayekataa. Mwingereza Malcolm Guthrie, alipopanga luga za Kibantu, aliziweka mu kundi moja dogo: Tshiluba cha Kasai ni L31, Kikanyoka L32, Kiluba cha Katanga L33, Kihemba L34, Kisanga L35. Lakini batoto ba tumbo moja hawaitwi jina moja. Jina lenyewe linatuonyesha: Tshiluba kinasema "tshi" pale Kiluba na Kisanga vinasema "ki". Na namba za Guthrie zinafuata sana ramani, hazisemi nani alimzaa nani. Hakuna pahali zinaposema L35 ni mtumwa wa L33. Padri Hadelin Roland, Mbenedikto, aliandika sarufi nzima ya Kisanga wakati wa Wabeligiji. Mtu haandiki sarufi ya kelele.

Tuangalie historia. Mushidi alitoka na bantu bake upande wa Usumbwa, mu Tanzania ya leo, akajenga Bunkeya, akatawala Basanga. Mu 1891 Basanga walimuasi, na tarehe 20 Desemba ya mwaka ule ule aliuawa na msafara wa Stairs. Bayeke walikuja na luga yao, Kiyeke, ndugu wa Kisumbwa. Leo wengi wao wanasema nini? Kisanga! Aliyetawala alijifunza luga ya aliyetawaliwa. Patwa gani inaweza kazi hiyo?

Na wewe unayekicheka, sikiliza kinywa chako mwenyewe. Vitabu vya pwani vinaandika vitu, watoto, nyumbani. Sisi tunasemaka bintu, batoto, mu nyumba; mtoto mdogo ni katoto, wakiwa wengi ni tutoto. Tulivitoa wapi? Ku luga za hapa: Kisanga, Kiluba, Kibemba na wenzao. Wafanyakazi walioletwa na Union Minière ku Shituru na Panda walikutana mu Kiswahili, lakini walikivalisha nguo za kwao. Ukidharau Kisanga, unadharau mama wa Kiswahili chako.

Wengine watasema: "Acha, huo ni ukabila." Ninawasikia, na woga wao una sababu. Mu 1992 na 1993, mu Likasi hii hii, tuliona bantu ba asili ya Kasai wakifukuzwa, wakilala pa gare na batoto na bikapu, wakingojea treni. Haya yetu haijaisha. Lakini aliyefukuza hakujua familia yake: luga ya Kasai ni mkubwa mu kundi lile lile la L30. Tunafukuza ndugu, halafu tunasema luga zao na zetu ni moja! Kujua jina la kila ndugu hakumtoi mtu pa meza.

Tena kuna jambo la sheria. Katiba ya 2006, mu kifungu cha kwanza, inataja luga nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Zilizobaki inaziita mali ya utamaduni wa Kongo, na serikali inapashwa kuzilinda. Sasa ukisema Kisanga ni Tshiluba, umekifuta. Nani atakilinda, juu kimeishaandikwa kwa jina la mwingine?

Lakini serikali haitaingia mu nyumba yako mangaribi. Pa kilio, mama mzee anamwimbia marehemu kwa Kisanga, na bajukuu bake wanaangalia telefone, hawaelewi kama anamsifu ao anamlilia. Njo pale luga inakufa, si mu kitabu cha Guthrie. Basi, tata, mama, sema na mtoto leo. Na sisi wa chama, tuandike maneno ya bankambo mbele hawajatuaga.